Gari linakula maji? Tafuta yanapotokea kabla hujanunua rejeta

Dumu la lita 5 kwenye buti. Kama unaendesha gari lenye miaka kumi na kitu, huenda unalo. Asubuhi unafungua boneti, unajaza, unaondoka. Jioni unajaza tena. Wiki zinapita na zoezi linakuwa la kawaida tu, kama kuweka mafuta.

Sio kawaida. Mfumo wa kupoza injini umefungwa. Maji yale yale yanazunguka kutoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta na kurudi. Kiwango kinaweza kushuka kidogo sana ndani ya miezi mingi, lakini kama unajaza kila wiki, kuna sehemu yanatokea. Na siku sehemu hiyo ikiachia zaidi, hutachagua mahali. Inaweza kuwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela saa nane mchana, inaweza kuwa unapanda Kitonga na familia nzima ndani.

Injini ndogo nyingi za Toyota tunazotumia huku, kama 1NZ ya IST na Probox, bloku na hedi zake zote ni alumini. Alumini ni nyepesi na inapoza vizuri, ila ikizidiwa na joto inapinda. Hedi ikishapinda, kile ulichokuwa unakwepa kulipia mwanzoni (mpira, klipu, pampu) kinageuka kuwa kazi ya kufungua injini. Kwa dereva wa taxi mtandao anayepeleka hesabu kwa mwenye gari kila wiki, hapo gari linalala gereji huku hesabu inadaiwa.

Sehemu kubwa ya uvujaji unaweza kuutafuta mwenyewe kwa tochi na kipande cha boksi, kabla mtu hajakwambia "bosi, hii ni rejeta tu".

Usiguse mfuniko kama injini ni ya moto

Hili linatangulia kila kitu. Angalia juu ya mfuniko wa rejeta, mara nyingi utakuta namba kama 0.9 au 1.1. Hiyo ndiyo presha ambayo mfuniko unaizuia isitoke. Maji ya kawaida usawa wa bahari yanachemka nyuzi 100, lakini yakibanwa kwa presha ya 1.1 yanaweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Ukifungua mfuniko wakati huo, presha inaondoka ghafla, maji yanageuka mvuke papo hapo na kurukia uso na mikono yako. Watu wameungua vibaya sana kwa namna hii, na wengi walikuwa na haraka ya dakika kumi tu.

Subiri. Bonyeza ule mpira mnene wa juu wa rejeta: kama bado ni mgumu kama tairi lililojazwa, presha ipo. Ukiwa laini na unashikika kwa mkono bila kuunguza, weka kitambaa kinene juu ya mfuniko, zungusha robo tu, sikiliza. Ukisikia "tsss", acha itoke yote ndipo uendelee.

Gari nyingi za Ulaya, mfano BMW na Volkswagen, hazina mfuniko kwenye rejeta. Unajazia kwenye kopo la plastiki pembeni. Kopo hilo nalo lina presha, sheria ni ile ile.

Je, hayo ni maji ya rejeta kweli?

Kuna watu wamepeleka gari gereji kwa sababu ya maji ya AC. Kiyoyozi kikifanya kazi kinatoa maji, yanadondoka chini ya gari, mara nyingi upande wa abiria wa mbele. Ni masafi, hayana rangi, hayana harufu. Hayo yaache.

Kulanti ina rangi: kijani, nyekundu, pinki au bluu, inategemea kampuni. Ukiisugua kwenye vidole inateleza kidogo, na ina harufu tamutamu. Isionje. Kulanti nyingi zina ethilini glikoli, ambayo ni tamu kweli lakini ni sumu kali kwa figo. Mtoto au mbwa anaweza kuinywa kwa sababu ya utamu huo, kwa hiyo ukiona imemwagika kwenye maegesho ya nyumbani, ioshe.

Mtego mwingine ni oili ya giaboksi ya otomatiki, nayo ni nyekundu. Chukua tone, liweke kwenye kikombe cha maji (kisha kitupe). Kulanti itachanganyika na maji. Oili itaelea juu.

Kama gari lako limejazwa maji ya bomba miaka yote, kazi inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu maji hayaachi rangi. Utatafuta michirizi ya kutu au alama nyeupe za chumvi badala yake.

Boksi chini ya gari, usiku mmoja

Chana boksi kubwa, lile la friji au la mbao za jiko linafaa, lilaze chini ya injini gari likiwa limeegeshwa sehemu tambarare. Andika juu yake "mbele" na "kulia" ili asubuhi usichanganyikiwe. Kukiwa na tone, utajua liko usawa wa nini.

Lakini tone linaonyesha maji yalipoishia tu. Yanaweza kutoka kwenye mpira wa juu, yakafuata fremu, yakadondokea nyuma ya gurudumu. Gari likiwa linatembea, upepo wa feni unayarusha nyuma ya injini kabisa. Kwa hiyo ukiwa na tochi, unatafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa au yenye alama. Yote yaliyo chini yake ni mtiririko. Ile plastiki ya kukinga chini ya injini ikibidi itoe, maana inakusanya maji na kuyamwagia pembeni kabisa na tatizo.

Angalia pia alama kavu. Kulanti ikikauka inaacha ganda kama chumvi, jeupe au lenye rangi yake. Ganda la pinki kwenye ungio la mpira ni ushahidi hata kama leo hakuna tone.

Jiulize pia yanavuja saa ngapi. Kama ni asubuhi tu injini ikiwa baridi, mara nyingi ni klipu iliyolegea au mpira uliokakamaa: ukipoa unasinyaa na kuacha upenyo, ukipata moto unajaa na kujiziba. Kama ni injini ikiwa ya moto tu, tafuta ufa ambao presha inaufungua, hasa kwenye plastiki ya rejeta.

Washukiwa wa kila siku

Mipira na klipu ndio wa kuanza nao. Mpira mzima unabonyea na kurudi. Uliochoka unakuwa laini kama kitambaa karibu na klipu, au mgumu wenye nyufa, au umevimba. Usisahau ile midogo inayokwenda kwenye hita nyuma ya injini. Imejificha, na kwa kuwa Dar hakuna anayewasha hita, hakuna anayeikumbuka.

Rejeta za siku hizi zina kiini cha alumini katikati na matangi mawili ya plastiki pembeni au juu na chini, yamebanwa kwa meno ya alumini na raba katikati. Plastiki ndiyo inayokufa kwanza. Ikiwa nyeusi ni sawa. Ikianza kuwa kahawia na kupauka, imeanza kuchoka, na ufa wake unaanza kama unywele hivi, mara nyingi pale mpira wa juu unapoingia. Injini ikipoa ufa unafunga na huoni kitu. Kingine ni raba ya kwenye meno: utaona mstari wa ganda ukifuata ungio.

Wota pampu inastahili muda wako zaidi, kwa sababu inakupa taarifa mapema na watu hawaioni. Kwenye mwili wa pampu, chini ya shafti, kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi kiwandani. Sili ya ndani ikianza kuchoka, maji yanatokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Ukiona mchirizi wenye rangi chini ya kitundu hicho, pampu inakuaga. Zima injini, shika puli yake, itikise. Ikicheza, au ulikuwa unasikia mlio wa kusaga, usisafiri nayo. Beringi ikikatika inaweza kung'oa mkanda unaozungusha alteneta pia, na hapo unakosa maji na chaji kwa pamoja.

Kwenye 1NZ pampu iko nje na inazungushwa na mkanda huo huo wa alteneta, inafikika. Kwenye injini kama 3S ya RAV4 na Noah za zamani, pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi na imejificha nyuma ya kava. Ukilipia kufungua huko, badilisha pampu na mkanda kwa pamoja. Gharama kubwa iko kwenye kufungua.

Mfuniko wenyewe ni kitu kidogo ambacho kila mtu anakiruka. Springi ikichoka haishiki presha, maji yanachemka mapema na kumwagikia kwenye tangi la akiba mpaka yanafurika. Angalia raba zake, kama zimepasuka badilisha kwa mfuniko wenye namba ile ile. Usiweke wa namba kubwa "ili ubane vizuri". Utabana, halafu utapasua rejeta.

Mwambie fundi: nipimie presha kwanza

Kama macho hayajaona kitu, kuna kifaa cha bei ya kawaida ambacho gereji iliyojipanga inacho: pampu ya mkono yenye geji, inafungwa pale panapokaa mfuniko wa rejeta. Injini ikiwa baridi, fundi anapampu mpaka presha ya namba iliyo kwenye mfuniko, asizidishe, kisha mnaacha kama dakika 15. Sindano ikibaki palepale, nje hakuna uvujaji. Ikishuka, kuna sehemu inatoa, na kwa kuwa feni haizunguki na hakuna joto, maji yanatoka taratibu mahali pale pale bila kurushwa. Unamulika tochi unaona.

Kipimo hiki kinachukua muda mfupi kuliko kufungua rejeta, na kwa maoni yangu fundi anayetaka kubadilisha rejeta bila kukifanya anakisia kwa pesa yako. Mwombe kwa heshima tu: "Fundi, kabla hatujaenda dukani, tupime presha." Kama hana kifaa, tafuta mwenye nacho. Kuna pia rangi maalumu ya kumimina kwenye maji, ukimulika na taa ya zambarau inang'aa pale inapovuja. Inasaidia kwa uvujaji mdogo wa siku nyingi.

Chini pakavu, maji yanapungua

Hapa ndipo watu wanaanza kusema gari lina mkosi. Maji yanaweza kuwa yanaingia ndani.

Anza na hita. Inua kapeti upande wa abiria, gusa. Ikiwa na unyevu unaoteleza na harufu tamu, au kioo cha mbele kinaweka ukungu wenye mafuta usiofutika vizuri, kiini cha hita kinavuja.

Kisha gasketi ya silinda hedi. Dalili zake hazitokei zote kwa pamoja. Moshi mweupe mzito kwenye ekzosi ambao hauishi hata injini ikipata moto, wenye harufu tamu. Mapovu yanayoendelea kwenye rejeta baada ya kuwasha gari likiwa baridi na mfuniko ukiwa wazi. Mpira wa juu kuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha, kabla injini haijapata joto. Oili kwenye dipstiki kuwa kama chai ya maziwa. Kuhusu hii ya oili, tuliza moyo kidogo: utando wa maziwa chini ya mfuniko wa oili peke yake unaweza kuwa unyevu tu, hasa sehemu za baridi kama Mbeya au Njombe kwa gari la safari fupi fupi. Angalia dipstiki.

Uthibitisho ni kipimo cha dawa ya bluu. Hewa inayotoka kwenye mdomo wa rejeta inapitishwa kwenye dawa hiyo. Kama ina gesi ya moshi wa injini ya petroli, dawa inageuka kuwa ya njano. Usikubali hedi ifunguliwe kwa kuangalia moshi tu.

Ikithibitika, gasketi mpya peke yake haitoshi. Hedi ipelekwe kupimwa unyoofu. Kwenye injini hizi ndogo kinachoruhusiwa ni kama milimita 0.05, yaani unene wa unywele. Ikizidi inachongwa. Na boliti zinakazwa kwa spana ya kupimia nguvu, kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua. Ukiona zinakazwa kwa bomba na misuli, ujue utarudi.

Kwa gari za otomatiki kuna moja zaidi. Ndani ya tangi la rejeta mara nyingi kuna kipozeo cha oili ya giaboksi. Kikitoboka, maji na oili vinachanganyika na utaona kitu kama maziwa ya pinki kwenye rejeta au kwenye dipstiki ya gia. Usiendeshe hata kwenda gereji. Beba kwa breki dauni. Maji yanaharibu kabisa giaboksi ya otomatiki.

Kuziba au kubadilisha?

Klipu: badilisha, ni vitu vya bei ndogo. Usiikaze ya skrubu mpaka inakata mpira. Mpira uliopasuka pembeni kabisa na mrefu wa kutosha unaweza kukatwa na kurudishwa kwa muda, uliochoka ni wa kutupa. Kabla ya kuvalisha mpya, sugua mdomo wa rejeta utoe kutu na ganda, maana mpira mpya juu ya uchafu unavuja vile vile.

Kiini cha rejeta kilichotobolewa na jiwe kinaweza kuchomelewa na mtu anayejua alumini. Ufa kwenye plastiki, hapana. Gundi ya epoksi itakufikisha nyumbani, pengine hata wiki mbili, lakini joto na presha vitaishinda.

Dawa za kumimina za kuziba, pamoja na ile mbinu ya kuvunjia yai kwenye rejeta, zina shida moja: hazijui tundu lipi ni baya. Zinaziba pale panapovuja na zinaziba pia vijitundu vya rejeta na hita ambavyo maji yanatakiwa yapite. Ukiwa umekwama porini usiku, sawa. Kama dawa ya kudumu, sishauri.

Kutoa themostati nako hakuzibi chochote. Kwenye 1NZ inafunguka karibu nyuzi 82, kazi yake ni kuifanya injini ifike joto sahihi haraka. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto na inakula mafuta zaidi, na tundu lako liko palepale.

Kujaza upya

"Kulanti ni ya nchi za baridi" ni maneno ya mtaani. Kuzuia kuganda ni kazi yake moja tu. Nyingine ni kupandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu, ambazo sisi tunazihitaji sana. Maji ya kisima cha Dar yenye chumvi yanakula alumini na sili ya pampu taratibu, kisha tunalaumu pampu ya mchina.

Soma kopo. Ikiwa imeshachanganywa, mimina hivyo hivyo. Ikiwa nzito, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri (hakikisha sio asidi). Rangi sio kipimo cha aina, kijani mbili zinaweza kuwa tofauti. Usipojua kilichomo, osha mfumo kisha weka aina moja. IST inachukua karibu lita 5.

Sasa hewa. Povu la hewa likibaki ndani, linaweza kukaa juu ya sensa na dashibodi isikwambie chochote huku hedi inaungua. Ukianza na injini baridi na mfuniko ukiwa wazi, weka hita kwenye moto wa juu, jaza taratibu, washa, minyaminya mpira wa juu. Maji yatashuka, ongeza. Themostati ikifunguka mpira wa chini nao utapata joto. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili, funga mfuniko kabla hayajafurika, jaza tangi la akiba kati ya LOW na FULL.

Ikichemka ukiwa njiani

Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa tu: bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikizidiwa. Nyekundu ikiwaka hakuna "nimalizie kilomita mbili". Zima AC, washa hita kwenye moto wa juu (utateseka, lakini inatoa joto kwenye injini), tafuta sehemu salama usimame, zima injini. Usimwagie injini maji ya baridi kwa nje wala ndani, chuma cha moto kikipoa ghafla kinaweza kupasuka. Kaa mbali na boneti kama kuna mvuke. Ukishapoa na kujaza, washa injini kwanza kisha ongeza maji kidogo kidogo. Kumbuka pia kwamba ukiwa nyanda za juu kama Iringa, maji yasiyo na presha yanachemka karibu nyuzi 95, kwa hiyo mfuniko mbovu unakuumbua mapema zaidi kuliko Dar.

Baada ya matengenezo, chukua kalamu ya wino mzito, chora mstari kwenye tangi la akiba injini ikiwa baridi. Angalia kila asubuhi kwa wiki moja, saa ile ile, kabla ya kuwasha. Siku mbili za kwanza linaweza kushuka kidogo kwa sababu hewa iliyobaki inatoka, jaza mpaka kwenye mstari. Likiendelea kushuka siku ya tatu na ya nne, rudi kwa fundi na ile pampu ya presha.